Matone ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Jicho la kushoto linawaka moto. Shemeji, kaka wa mke wangu tunayeishi naye, linamwasha la kulia. Juzi karakanani tuligombania miwani ya kazi, moja tu iliyopo, mashine ya kukatia chuma ikizunguka. Huyu vuta, yule vuta. Hakuna aliyeivaa. Chembe zikatupata wote!

Leo daktari wa macho katuingiza kwenye utafiti. Kila mtu chupa yake ya matone, ina namba tu. Kuna dawa ya zamani na dawa mpya. Nikauliza yangu ni ipi. Akasema hata yeye hajui, ndio utaratibu. Daktari asiyejua dawa yake! Akaonya kidonda kikiingia uchafu, jicho litapotea. Fundi wa kuchomelea mwenye jicho moja ataajiriwa na nani?

Jumanne, 4 Machi

Shemeji akitia matone anaruka. Mimi hata siwashwi. Basi yeye ndiye kapewa mpya! Siku zote hupendelewa. Mama mkwe humpakulia minofu, mimi mifupa. Mke wangu kaniambia nitulie. Nimetulia. Nimezunguka meza mara kumi na nane nikiwa nimetulia.

Jumatano, 5 Machi

Nimefanikiwa! Shemeji alikuwa bafuni. Lebo hazibanduki, kwa hiyo nilimimina: yangu kwenye kikombe, yake kwenye chupa yangu, kisha yangu kwenye chupa yake kwa kijiko cha chai. Kidogo kikamwagika mezani, nikakikomba.

Shemeji katia, hakuruka. Kasema ameshazoea. Mimi nimetia, nikaruka mpaka mlangoni. Raha iliyoje!

Alhamisi, 6 Machi

Jicho limevimba, halifunguki. La shemeji vilevile. Nilijiambia dawa inapigana. Mke wangu hakusikiliza, katushika mikono, mmoja huku mmoja kule, mpaka hospitali.

Muuguzi kafungua chupa, kanusa. Kanusa tena. Kauliza mbona dawa inanukia tangawizi. Nikakiri: kikombe na kijiko vilikuwa vya chai ya tangawizi. Aibu! Daktari kasema uchafu wa kijiko na kikombe umeingia kwenye vidonda, na tungechelewa hadi kesho, macho yangekwenda. Tumefutwa kwenye utafiti, tumepewa dawa nyingine. Mke wangu alilia pale kwenye benchi, kimya, mkoba mapajani. Hilo limeniuma kuliko jicho.

Jumatano, 12 Machi

Tunaona! Wote wawili. Daktari kasema tuna bahati kuliko akili. Nimeapa mbele ya mke wangu kwamba sitagusa tena matone ya mtu. Kanisamehe. Shemeji bado kaninunia.

Ijumaa, 14 Machi

Hospitali ileile, mlango wa pili, wanatafiti wanaume wanaoamka mara nyingi kwenda haja ndogo. Mimi huamka mara tano. Nikajiandikisha. Shemeji kusikia hivyo, naye mbio. Kumbe huamka mara sita! Hata huko lazima anishinde.

Tumepewa vidonge kwenye mikebe yenye namba. Nimeitikisa yote miwili. Wake una mlio mzito zaidi. Huo ndio wenye dawa, sina shaka. Sasa uko juu ya kabati, pembeni ya wangu, na shemeji kaingia bafuni.

Kiapo nakikumbuka vizuri. Kilihusu matone. Na vidonge havihitaji kijiko.