Pima Mbili, Mzani Mmoja

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji, mdogo wake mke wangu, anamaliza miezi mitatu ya majaribio Ijumaa. Kazi nilimtafutia mimi, hapa ofisini kwetu tunakotengeneza mizani. Siku hiyohiyo muuguzi mkuu anakuja kukagua mzani wetu wa watoto wachanga. Akiukubali, shemeji anaajiriwa. Akiukataa, anarudi nyumbani.

Mimi naandika sehemu ya kusoma mzani, kwa lugha ya kompyuta ya enzi zangu. Yeye anaandika sehemu ya kioo kinachoonyesha uzito, kwa lugha mpya ya vijana. Leo tumeziunganisha. Kompyuta imegoma! Kila mmoja wetu ana kipande cha maagizo alichokiita pima, nayo haijui ichukue kipi. Shemeji akaniomba, kwa adabu zote, nibadilishe jina langu. Mimi! Miaka kumi na tisa niko na pima. Nikamwambia nitalifikiria. Sikulifikiria.

Jumatano, 5 Machi
Dawa nimeipata. Kuna amri ya kuiambia kompyuta isilalamike, ichukue pima ya kwanza itakayoikuta. Nikatanguliza faili langu. Kimya! Shemeji akauliza nimefanyaje. Nikamwambia ni uzoefu. Nyumbani nimejisifu mpaka mke wangu akaniondolea sahani.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu! Shemeji alimleta mwanawe wa miezi minne awe wa kupimwa. Muuguzi mkuu akamlaza. Kioo kikaandika kilo 6,200. Muuguzi akauliza, bila kucheka, kama meza itahimili.

Pima yake hutoa kilo. Yangu hutoa gramu, na kioo chake kilikuwa kinaita yangu. Bosi wetu akamgeukia yeye. Nilivyomwona anainama, roho iliniuma. Yule nimemjua tangu anavaa sare ya shule.

Nikasema, “Kosa ni langu. Niliinyamazisha kompyuta.”

“Najua, shemeji,” akasema taratibu. “Niliona asubuhi. Nimeshabadilisha jina langu, ila sikutaka kuliweka bila ruhusa yako.”

Nikamruhusu haraka. Kilo 6.2! Muuguzi akatia saini, shemeji akaajiriwa, na mimi nikapewa adhabu ya ofisi: kuosha vikombe vya chai wiki nzima. Bosi ameamuru kila mtu achague neno lake la kutanguliza kwenye majina yake yote, yasigongane tena. Kwa hiyo shemeji naye atalirudia jina lake la pima. Nimefurahi kweli. Mke wangu kanirudishia sahani.

Jumatatu, 10 Machi
Neno langu nimelichagua alfajiri: mzani. Fupi, tamu. Sikumwambia mtu, shemeji asije akaliwahi.

Mchana tumeunganisha. Kompyuta imegoma. Ziko mzani_pima mbili.

Shemeji akaniletea chai kwenye kikombe nilichokiosha mwenyewe, akauliza kwa upole nani kati yetu abadilishe. Nimemwambia nitalifikiria. Ile amri bado naikumbuka.