Mafuta Yamesema, Ubongo Haukusikia

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi; Mheshimiwa Makamu wake aliyetuma udhuru; mheshimiwa aliyeuleta udhuru huo; Mganga Mkuu wa hospitali hii; wakuu wa idara, wasaidizi wa wakuu wa idara, na wanaokaimu nafasi za wasaidizi hao; wagonjwa wa ndani, wagonjwa wa nje, na ninyi wagonjwa wa koridoni ambao bado hatujaamua muwe wa wapi; mabibi na mabwana: kama kuna niliyemsahau, ajihesabu ametajwa! (Makofi. Mtu anakohoa kwa muda mrefu.)

Nimesimama mbele yenu katika ukumbi huu wa kusubiria, ambao mimi mwenyewe niliagiza mabenchi yake yapakwe rangi jana jioni (waliokaa benchi la pili wanainuka na kujikagua nyuma), ili nizindue rasmi Mradi wa Upimaji wa Homoni za Mafuta, kwa kifupi MUHOMA. ("Homa gani tena?" anauliza mzee mmoja.) Si homa, mzee wangu, ni homoni, homa ina kamati yake.

Wataalamu wameniandikia hapa, na nimesoma mara mbili ndani ya gari, kwamba haya mafuta tunayoyashika kiunoni tukidhani yamekaa tu, kumbe yako kazini. Yanatengeneza homoni na kuzimimina kwenye damu. Moja inaitwa leptini; kazi yake ni kuupasha ubongo habari kwamba akiba ipo ya kutosha, weka kijiko chini. Nyingine inaitwa adiponektini. Hiyo huisaidia insulini kuishughulikia sukari, na kwa masikitiko makubwa hupungua mtu anavyozidi kunenepa. Sasa mtu mnene leptini anayo tele, ila ubongo wake umeshaizoea, hauisikii tena. Habari inatoka, habari inafika, na hakuna anayeijali! Hali hiyo naielewa vizuri sana, ndugu wananchi, maana mimi huhutubia kila wiki. (Makofi kutoka meza kuu peke yake.)

Kwa kuzingatia hayo, na kwa kutumia stratejia shirikishi yenye fremu ya utekelezaji inayopimika, ofisi yangu imefikia asilimia mia moja na arobaini ya malengo ya awamu ya kwanza, kwa maana kwamba tulilenga kufanya semina tano tukafanya saba, mbili kati ya hizo zikiwa za kutathmini zile tano. Na wananchi mia tatu na kumi na wawili walijitolea kutoa damu, tena kwa hiari, wakiwa hawajala tangu asubuhi, kwa imani waliyonayo juu yangu...

(Anasimama fundi cherehani, mama mwenye mwili, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. "Samahani, Mheshimiwa. Mimi ni mmoja wa hao. Nilitoa damu mwaka juzi. Jibu langu liko wapi?")

Swali zuri sana, mama yangu. Jibu lako liko kwenye mchakato.

("Mchakato ndio chumba namba ngapi?" Vicheko. Yeye hacheki. "Mama mkwe anasema nakula jikoni kwa kujificha. Mawifi wananihesabia vijiko. Juzi nilishinda njaa siku nne, nikaanguka kwenye cherehani, sindano ikapita kwenye kidole. Mimi nataka karatasi tu, inayosema mimi si mlafi.")

Inagusa. Inagusa sana. Mwandishi, andika kwamba nimeguswa. Ndiyo maana katika awamu ya pili tutaunda kikosi kazi cha...

(Muuguzi wa kitengo cha damu anainuka bila kuruhusiwa. "Dada yangu, hata karatasi ingekuja, isingekwambia zaidi ya hili: njaa yako ni ya kweli. Huna uroho. Ukijinyima ghafla leptini inashuka, ubongo unadhani umeingia ukame, na njaa inapanda. Usijiue kwa njaa. Njoo nikufunge kidonda, nikupime sukari na presha, tupange chakula chako taratibu. Na kesho njoo na huyo mama mkwe, nimwambie mwenyewe." Fundi anafuta macho kwa ncha ya tepu.)

Nakushukuru, muuguzi, ila hayo yalikuwa ukurasa wa tisa, na mimi niko wa nne. (Wawili hao wanatoka. Mwanamke mwingine anawafuata, kisha dereva wa lori mwenye kitambi, kisha benchi zima la pili.) Jamani, mbona mnatoka? Picha ya pamoja bado! Basi, basi, twende kwenye kaulimbiu. MUHOMA! ("Juu!" anajibu mshereheshaji, peke yake.) Tupime mafuta! ("Tujue afya!") Mafuta yakisema! ("Tutasikia!" Sauti ni ileile moja.)

Kwa kumalizia, natoa shukrani za dhati: kwa wafadhili wa mradi, ambao tunaendelea kuwatafuta, kwa mtaalamu mkuu, ambaye nafasi yake itatangazwa, kwa mashine ya kupimia, ambayo picha yake mmeiona kwenye bango na ambayo nimehakikishiwa kwamba ipo dukani, na kwa maabara, ambayo kiwanja chake kikipatikana, mtakuwa wa kwanza kujulishwa.

Na wewe mama fundi, kama unanisikia huko uliko: ile damu yako haikupotea. Ilimwagwa kwa kufuata taratibu zote. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. (Dereva wa Mheshimiwa anapiga makofi.)