Vita vya Kuuteka Uwanja wa San Telmo

Tegeni masikio, enyi mlio barazani na mlio jikoni, enyi wenye meno na mliobakiwa na fizi! Mimi nimesimulia vita vilivyowaliza wanaume wazima. Haya, alilia mmoja, marehemu mume wangu, na alikuwa anamenya vitunguu. Lakini cha leo ni kisa kizito: jinsi Kapitan Rustico Balingit, mwenyekiti wa mtaa wa San Telmo, simba wa bonde, ngao ya wanyonge, mwenye tumbo linalomtangulia mlangoni, alivyouteka uwanja wa saruji kutoka mikononi mwa mjane mmoja na mpunga wake.

Chanzo cha vita kilikuwa Alhamisi. Kampuni ya runinga ya Manila ilinunua haki za kuonyesha ligi ya mpira wa wavu ya wanawake, na wauza sabuni wanaolipia matangazo wakauliza mbona Alhamisi haina mechi. Ligi, kwa hekima yake kuu, ikaitikia kwa kuzaa timu mbili mpya. Kiti cha kwanza ligini kilipewa mji wenye maduka makubwa na wasichana wasiojua kurusha mpira. Mji wenye wachezaji warefu kama minazi ukanyimwa, maana watu wake hulala mapema na hawatazami matangazo. Kikabaki kiti kimoja. Adhuhuri ya siku ya vita angefika Bibi Villaruz, mkaguzi wa runinga, kuona kama uwanja wa San Telmo utapendeza kwenye kamera. Rustico alikwisha kuwaahidi watu ligi. Akiikosa, uchaguzi ungemzika.

Na uwanja wote, toka mstari hadi mstari, ulikuwa umetandazwa mpunga. Kule uwanja ni wa mpira jioni. Mchana, wakati wa mavuno, ni wa kuanikia, na hakuna mtawala aliyewahi kuigusa sheria hiyo. Katikati alisimama mjane mwenyewe, Aling Saling, yaani Mama Saling, reki mkononi, kofia pana kama ngome.

Rustico akapanda benchi, akanena kwa sauti ya radi: "Ee Saling, binti wa mashujaa! Historia inabisha hodi! Ondoa nafaka zako, San Telmo iingie katika jua la utukufu!"

"Jua lenyewe ndilo ninalolitaka mimi," akajibu Saling bila kuinua macho. "Mpunga mbichi huu, Kap. Ukilala guniani leo, kesho umechipua. Hiyo ligi yako nitaipika?"

"Muda mfupi tu, dada!"

"Hata harusi yako ulisema muda mfupi. Tulikula jua limezama."

Majeshi ya Rustico, yaani makarani wake na mbwa, yakacheka hadharani. Ndipo shujaa akashuka benchini na kuchomoa silaha ya mwisho. Akamsogelea mjane, akanong'ona:

"Sikutaka kusema mbele ya watu. Wa runinga wamekuulizia kwa jina. Wanakutaka mstari wa mbele, kila Alhamisi."

Reki ikasimama. "Mimi?"

"Wewe. Wanasema una sura ya kamera."

"Na mpunga wangu?"

"Utaanikwa barabarani, mbele ya kwangu. Kuku nitawafukuza mwenyewe."

Ngome ikaanguka. Zikavuma reki, yakanguruma mafagio, vumbi likapanda kama moshi wa miji iliyochomwa. Na Rustico mwenyewe, jasho likimtiririka kama mito ya masika, akafagia punje ya mwisho kwa mkono wake mtukufu. Makarani wakapiga vifijo, wakaapa kwamba vizazi na vizazi vitaikumbuka siku uwanja ulipofagiwa.

Bibi Villaruz akafika, akatazama huku na huku. "Pasafi. Kiti ni chenu."

Wakati huo huo akatokea Aling Saling, gauni la sikukuu mwilini, poda hadi masikioni, kiti cha plastiki kichwani.

"Nimefika, mwanangu. Nikae wapi?"

"Samahani, mama, wewe ni nani?"

"Saling! Si ndiye mliyemuulizia kwa jina?"

"Sisi? Hatujamuulizia mtu yeyote."

Macho yote yakamgeukia Rustico, simba wa bonde, aliyekuwa akiyachunguza mawingu kana kwamba amepoteza kitu huko.

"Ilikuwa," akasema, "runinga nyingine."

"Ipi?" wakauliza wanawake wote wawili kwa pamoja.