Vidole Vinne vya Zege

Mtaani kwetu ni mtu mmoja tu aliyewahi kujifungia ndani ya nyumba yake mwenyewe kwa zege, mchana kweupe, huku amevaa tai! Mtu huyo ni shemeji yangu. Nasema bila aibu kwa sababu sikumchagua mimi. Aliyemchagua ni dada yangu.

Watu wanamwita Injinia. Si kwamba alisomea. Alifanya kazi miaka kumi na minne katika kampuni ya ujenzi, idara ya mapokezi, kupokea simu. Simu za mainjinia wote zilipitia sikioni kwake, naye akaamini kwamba elimu yao nayo ilipitia humo humo, ikabaki. Tangu hapo hapiti penye ukuta bila kuugonga kwa kidole, kusikiliza, kisha kutikisa kichwa kama daktari aliyeletewa majibu mabaya.

Sasa, mama yetu aliteleza bafuni akavunjika goti. Hospitali wakamlaza, wakamfunga plasta, halafu wakasema atoke na kiti cha magurudumu mpaka apone. Kwangu haikuwezekana: nakaa ghorofa ya tatu, ngazi tupu. Kwa dada kulikuwa na ngazi tatu tu mlangoni, lakini ya katikati ilikuwa imemeguka, na ya chini ilikuwa inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Dada akaamua: zivunjwe, tuweke mteremko wa zege, mama aingie na kiti chake bila kubebwa. Mama hataki kubebwa. Muuguzi aliyejaribu kumbeba alifinywa mpaka akaomba kubadilishiwa wodi.

Dada akatafuta fundi. Akaja mama mmoja wa makamo, mfupi, mwenye viganja vigumu kama sandapepa. Anafanya kazi na mumewe tu, wawili basi: yeye anapima, anakata, anajenga, mumewe anachanganya zege na hasemi neno. Watu wanamwita Mama Pimamaji, kwa sababu hamalizi kitu bila kukiwekea pimamaji juu, aone kama kimekaa sawa. Wanasema hata sahani ya wali huipima kwanza ndipo ananawa mikono.

Injinia hakukubali fundi aanze hivi hivi. Akaleta kiti, akaleta daftari, akamfanyia usaili hapo uwanjani.

"Mama, una uzoefu gani?"

"Nimejenga."

"Umejenga nini?"

"Nyumba ile ya mbele. Na ile yenye bati jekundu. Na choo chako, enzi za mwenye nyumba wa zamani."

Injinia akakohoa. "Choo kina ufa."

"Kina ufa kwa sababu kuna mtu alitundika tangi la maji ukutani."

Aliyetundika tangi ni Injinia. Usaili ukaishia hapo.

Jumatano kazi ikaanza. Injinia alitoka amevaa kofia ngumu ya njano, ile aliyopewa siku ya kuagwa kazini, akasimama mikono nyuma kama anazindua bwawa la umeme. Kila chepe likiingia kwenye mchanga, yeye anaitikia, "Vizuri! Endelea hivyo hivyo!" utadhani bila yeye mchanga ungekataa. Akaona zege limekuwa zito, akachukua ndoo akaongeza maji. Mume wa fundi akaichukua ndoo mkononi mwake taratibu, akaenda kuiweka upande wa pili wa uzio, akarudi. Akaendelea kuchanganya.

Mpaka saa tisa mteremko ulikuwa umekamilika, umenyooka, laini, unapendeza. Mama Pimamaji akaweka pimamaji juu yake, akaridhika. Injinia akainama, akafumba jicho moja.

"Mbona umeishia chini ya kizingiti?"

"Mlango wako unafungukia nje, mzee. Zege likipanda, mlango utakwama. Na mvua ikinyesha, maji yataingia sebuleni kukaa kwenye makochi."

"Mama, mlango huu nimeufungua miaka kumi na mmoja!"

"Basi ungekuwa umeshaona unafungukia wapi."

Majirani wawili waliokuwa wameegemea uzio wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akashika nguzo! Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Injinia anavumilia njaa, anavumilia jua, hata dada yangu anamvumilia, lakini hawezi kuvumilia kuchekwa akiwa amevaa kofia ngumu.

"Kazi yako imeishia hapo," akasema. "Umaliziaji nitafanya mwenyewe. Kitaalamu."

Mama Pimamaji akasuuza mwiko wake, akaufuta, akauweka mfukoni.

"Sawa, mzee. Ila hapo juu usipaguse."

Kumwambia Injinia asiguse kitu ni kumwandikia kadi ya mwaliko. Kesho yake asubuhi, dada alipokwenda hospitali kumwona mama, Injinia akachanganya zege lake mwenyewe. Akalipandisha pale juu vidole vinne kamili, ili, kama alivyoniambia kwa simu, mteremko uwe na heshima. Akawaza kila kitu. Aliwaza hata mlango usichafuke, akaukinga kwa karatasi ya nailoni kabla ya kumwaga zege. Kuwaza kama mlango huo utafunguka, hilo ndilo lililobaki nje ya ratiba. Mwisho akachukua msumari, akaandika tarehe kwenye zege bichi, kama jiwe la msingi la wizara.

Siku tatu nyumba nzima ikapita mlango wa jikoni, mwembamba usiopitisha kiti cha magurudumu, zege likakauka. Likakauka vizuri mno.

Jumapili ndiyo siku ya mama kutoka hospitali. Saa sita dada akakodi gari kwenda kumchukua. Injinia alikuwa ameshavaa shati jeupe na tai ya bluu. Akampa dada maagizo.

"Huko jikoni funga kwa kufuli, uondoke na ufunguo. Leo hakuna kupita nyuma! Mama yetu atapokelewa mlango mkuu. Nitaufungua mwenyewe kutoka ndani, gari likisimama tu."

Dada akafunga, akaondoka.

Saa saba kasoro simu yangu ikalia. Sauti ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyejificha kabatini.

"Shemeji, njoo mara moja. Usimwambie dada yako."

Nikaja mbio. Nikamkuta dirishani, kashika nondo kwa mikono miwili, tai imekwenda upande, uso umelowa jasho. Kama ningekuwa sina habari, ningemwuliza kesi yake inasikilizwa lini.

"Kuna nini?"

"Mlango umevimba. Unyevu."

Nikaenda mbele nikautazama. Mlango haukuvimba hata chembe. Umekaa zake nyuma ya zege, umezuiwa chini kwa vidole vinne. Kwa ndani nikamsikia Injinia anarudi nyuma, anakimbia, anaupiga bega. Pu! Halafu, "Mama yangu wee!"

"Injinia, hilo zege limekauka."

"Najua limekauka! Nililichanganya mimi!"

Akajaribu kisu cha mkate kwenye uwazi wa chini. Kisu kikapinda. Akajaribu mguu wa meza. Meza ikabaki na miguu mitatu. Mimi nikatafuta jiwe nikagonga zege kwa nje, jiwe likapasuka. Lazima nikiri, kwa vidole vile vinne mtu huyu alijenga kitu imara! Saa kwenye simu yangu ilionyesha saba na nusu, na gari lilitarajiwa saa nane.

Hapo akaacha kupayuka. Akaketi kwenye sakafu, mgongo ukutani, nikawa naona utosi wake tu.

"Shemeji," akasema, na safari hii hapakuwa na uinjinia ndani ya sauti. "Mama yako ana miaka sabini na minne. Ametoka kuvunjika goti. Atakaa juani nje ya nyumba yangu kwa sababu yangu."

Nilikuwa nimejiandaa kumcheka mpaka Jumatano. Badala yake nikatoa simu.

"Tumpigie fundi," nikasema.

"Namba yake nimeifuta."

"Mimi ninayo."

Nikapiga, nikaweka spika, nikapitisha simu kati ya nondo. Mama Pimamaji akapokea. Nyuma yake kulisikika mlio wa nguo zinakung'utwa kabla ya kuanikwa.

"Haloo, mama, za Jumapili," Injinia akaanza, kifua kikajaribu kupanda tena. "Kumejitokeza changamoto ndogo ya kiufundi, upande wa mzunguko wa mlango..."

"Sema Kiswahili, mzee. Nina nguo mkononi."

"Mlango haufunguki."

"Kwa nini haufunguki?"

"Zege limepanda."

"Zege halina miguu. Nani kalipandisha?"

Jogoo wa jirani akawika, kama anamkumbusha swali.

"Fundi," akasema Injinia kwa sauti ndogo.

"Fundi gani?"

"Mimi."

"Nakuja," akasema Mama Pimamaji, akakata.

Alifika kwa baiskeli, kapakiwa nyuma na mumewe, kabeba nyundo na tindo. Hakucheka. Nilimtazama makusudi, hakucheka. Akachuchumaa mbele ya mlango, akagusa zege, akasoma tarehe iliyoandikwa kwa msumari. Akamtazama mumewe. Mumewe, yule asiyesema neno, akasema neno: "Duh!"

"Mzee!" fundi akaita. "Fungua kitasa, halafu ukae mbali."

Kwa kuwa mlango ulifungukia nje, bawaba zake zilikuwa nje. Akaweka tindo chini ya pini ya kwanza, akagonga mara mbili, ikaruka. Ya pili. Ya tatu. Akauvuta mlango kwa juu, mumewe akaunyanyua kutoka chini, ukatoka mzima mzima. Dakika nne! Injinia akatokea ukumbini kama mtu aliyefufuka, shati limekuwa rangi ya vumbi.

"Shika hapa," fundi akamwambia. "Usiuweke chini, utachubuka."

Injinia akaupokea mlango mgongoni. Fundi akalaza ubao pale juu ili magurudumu yateremke bila kuruka. Alikuwa bado ameinama, pini tatu za bawaba kiganjani, gari likasimama.

Dada akashuka. Akatazama nyumba isiyo na mlango. Akatazama meza ya miguu mitatu kule ndani. Akamtazama mumewe. Hakusema kitu, na kwa wanaomjua dada yangu, hilo ndilo la kutisha.

Tukamshusha mama kwenye kiti, tukamsukuma. Akapanda mteremko kama malkia, bila kubebwa na mtu, kaushika mkoba wake magotini. Alipofika juu akasimamisha kiti.

"Shikamoo, mama," Injinia akasema kutoka chini ya mlango.

"Marahaba, mkwe wangu. Mbona umebeba mlango?"

Sasa hapo, msomaji wangu, ndipo mtu mwingine angesema kweli. Tulikuwa tumeshamsamehe! Mimi nilikuwa nimeinamia viatu vyangu. Fundi alikuwa anahesabu pini zake. Lakini Injinia alikwishapata hewa, na hewa ikimwingia yule bwana haitoki bure.

"Mama," akasema, sauti imerudi yote, "nimeuondoa kwa heshima yako! Nilijiuliza, mama yetu atoke hospitali na maumivu yake, halafu afike kwangu akutane na mlango? Mlango ni kizuizi! Nikaung'oa. Kwa mikono yangu hii!"

Mume wa fundi akageuka akatazama baiskeli yake kwa makini sana.

Mama akatoa leso, akajifuta jicho.

"Nina wakwe watatu," akasema. "Mmoja aliniletea blanketi. Mmoja akaniletea redio. Hakuna aliyewahi kuning'olea mlango."

"Ni wajibu wangu, mama."

"Basi niurudishe, mzee?" fundi akauliza. "Nitaugeuza ufungukie ndani. Nusu saa tu. Zege nitakuja kulichonga kesho."

"Ndiyo, ndiyo, urudishe!" Injinia akasema upesi. Mgongo ulikuwa umeanza kumlilia.

Mama akainua mkono.

"Nani anarudisha? Mtu amenipa kitu saa nane mchana, mnataka kukichukua kabla jua halijazama? Mlango ukae huko nyuma mpaka siku nitakayoondoka."

"Lakini mama... wezi..."

"Si wewe upo? Mwanamume anayeng'oa mlango kwa mikono atashindwa na mwizi?"

Mama akanigeukia mimi, na jicho lake moja likafumba kidogo. Mpaka leo anasema lilikuwa vumbi.

"Godoro dogo liko juu ya kabati," dada akasema, neno lake la kwanza tangu ashuke garini. "Utalitandika hapo hapo kizingitini."

Injinia akauegemeza mlango ukutani taratibu. Akailegeza tai. Akapiga hesabu kichwani, nikamwona midomo inacheza.

"Mama," akauliza, "daktari alisema goti litachukua muda gani?"

"Wiki sita." Mama akasukuma magurudumu yake mpaka katikati ya sebule, akageukia uwazi, akafumba macho upepo ukimpiga usoni. "Lakini kwa upepo mzuri namna hii, baba, mimi sina haraka ya kupona."