Kucha za Hakimu

Jumatatu, 9 Juni

Mama mwenye nyumba amepanda ngazi mwenyewe. Kwa kawaida hugonga dari yake kwa mpini wa ufagio na sisi tunaelewa. Leo amekuja na ufagio mkononi, kama shahidi. Amesema mbwa anamtembelea kichwani tangu alfajiri, tak-tak-tak, juu ya vigae. Nikamweleza kwa upole kwamba mbwa si wetu. Ni wa mama mkwe, aliyekwenda kutibiwa macho na atakayerudi Jumapili.

"Basi Jumapili hiyo hiyo nisikie kimya," akasema. "Nikisikia tak moja tu, mbwa atoke, na asikanyage tena jengo langu."

Si jambo dogo. Daktari amemkataza mama mkwe kuishi peke yake. Atahamia kwa binti atakayempokea yeye pamoja na Hakimu, maana hatengani na mbwa wake. Mke wangu ameshamtandikia kitanda chumba cha mbele, ameshafua mapazia. Hakimu akifukuzwa, mama anahamia kwa mwanyumba wangu, yule aliyeoa dada wa mke wangu, na mimi nitalisikia hilo kwenye kila kikao cha familia hadi siku ya kuzikwa.

Nimemwambia mke wangu asihofu. Kucha ni kucha. Zangu nimezikata maisha yangu yote bila ajali ya kutajika.

Nimeanza papo hapo na kikata kucha chetu cha nyumbani. Hakimu ni mbwa mkubwa, mweusi, na kucha zake nyeusi, nene kama penseli. Kifaa kiliuma ukucha kwa ubavu, kikagoma, kikarusha springi yake nyuma ya kabati. Hakimu alinitazama kwa yale macho yaliyompa jina, kisha akaingia chini ya meza. Mke wangu amesema kifaa kile ni cha vidole vya watu, kinaubana ukucha wa mbwa badala ya kuukata. Nimemjibu kwamba hicho ndicho nilichokuwa nathibitisha.

Jumanne, 10 Juni

Nimeomba ruhusa ghalani, nikaenda duka la vyakula vya mifugo. Mimi ni karani wa ghala la kiwanda cha samani. Zana napokea, zana natoa. Hakuna muuzaji wa kunidanganya.

Alinionyesha aina tatu. Kuna ya mkasi, yenye meno mafupi na mpini wa nguvu. Kuna ya tundu: unapitisha ukucha kwenye tundu, unabana, wembe unateleza na kuukata. Na kuna mashine ya betri inayosaga badala ya kukata. Akauliza mbwa ana ukubwa gani. Nikasema wa kadiri. Kusema "mkubwa" kungemfanya adhani namwogopa. Hata hivyo akashauri mkasi.

Mkasi anao mwanyumba. Nimechukua ya tundu, mpini wa buluu.

Akasema ya tundu ni ya mbwa wadogo, na wembe wake huchoka upesi, hivyo nichukue wa akiba. Pia nichukue unga wa kuzuia damu. Nimekataa vyote viwili. Kununua dawa ya damu ni kukiri mapema kwamba utaimwaga.

Jioni mwanyumba alipita kutusalimia, kwa bahati mbaya yake na yangu. Alikiona kifaa, akakishika kwa vidole viwili. "Mwanyumba, hiki si cha kuku?" Akacheka peke yake. Mke wangu naye alicheka kidogo, nadhani kwa adabu tu.

Tundu lilikuwa dogo. Nilisukuma. Ukucha uliingia, na kidogo cha ziada nacho kikaingia. Sikukata vibaya. Nilikata kwa ukarimu. Hakimu alitoa sauti ambayo jirani wa upande wa pili ameilinganisha na king'ora. Damu kwenye zulia, damu kwenye soksi yangu. Mke wangu alikuja na unga wa ngano, akaubandika na kushikilia. Damu ikakatika. Hivyo unga wa dukani kweli haukuhitajika. Nilikuwa sahihi.

Mwanyumba akatoa mhadhara. Eti ndani ya ukucha mna nyama hai, na kwenye ukucha mweusi haionekani. Kwa hiyo unakata kidogo kidogo, vipande vyembamba, kama unavyokata kitunguu, na ukiona doa katikati unaacha. Hakuna aliyemuuliza. Au tuseme mke wangu alimuuliza, na alimuuliza mara mbili, lakini ni adabu tena.

Jumatano, 11 Juni

Nimetafakari. Kosa si la mkono. Makali hayakutosha.

Nimekifungua kifaa kwa bisibisi, nikautoa wembe, nikaunoa kwenye kinoo cha jikoni pande zote mbili, kwa nguvu sawa, bila upendeleo. Nikaurudisha. Ilibaki skrubu moja. Viwanda huweka skrubu za ziada.

Mke wangu aliutazama wembe na kuuliza kama sikuurudisha kinyumenyume. Nikamwonyesha kwa majaribio kwenye kijiti cha ufagio. Kijiti hakikukatika. Kilisagika kama muwa kinywani mwa mtoto. Nikamweleza kwamba kijiti si ukucha.

Kisha nikakipaka mafuta, maana chuma kisichopakwa mafuta huliwa na kutu. Mafuta ya kupikia, kwa wingi. Mke wangu amesema afadhali yale membamba ya cherehani yake, matone mawili tu. Mafuta ya cherehani ni ya cherehani. Mbona hata jina linasema.

Kifaa kimelala dirishani kinyonye mafuta. Hakimu amelala chini ya kitanda. Nikitikisa funguo tu, anarudi ukutani zaidi. Ameanza kuiheshimu kazi hii.

Alhamisi, 12 Juni

Sisimizi. Msafara mzima kutoka kwenye ufa wa dirisha hadi kwenye tundu la kifaa, na ndani ya tundu wamefanya makazi.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sikulala bure miaka yote hii kwenye ghala la samani. Nimerudi nyumbani na mabaki ya msasa, ule mkali wa kusugulia mbao, na gundi. Nimebandika msasa kwenye ngazi, kutoka mlango wetu hadi kwenye kona. Mbwa hushuka na kupanda kila siku. Kila akikanyaga, kucha zinasuguka zenyewe. Hakuna kushika mguu, hakuna damu, hakuna mwanyumba.

Jaribio la kwanza: Hakimu alinusa msasa, akarudi nyuma, akaruka ngazi zote na kutua kwenye kona. Kupanda, vivyo hivyo. Anaruka vizuri sana kwa umri wake. Kutua nako kunasugua.

Kifaa kimetoweka dirishani. Nashuku panya, waliofuata sisimizi. Mke wangu ameomba ile skrubu iliyobaki. Nikampa. Hawezi kuona kitu kimelala bure.

Ijumaa, 13 Juni

Ushindi unanukia! Asubuhi Hakimu alipita sebuleni na mlio wake umepungua. Si tak tena. Ni tik. Msasa unafanya kazi.

Mambo madogo ya nyumba. Kopo la siagi ya karanga limefika nusu, na hakuna anayekiri. Ndani ya kizoleo cha taka nimekuta vipande vyeusi vyembamba, vimepinda kama mwezi mchanga. Nikamwambia mke wangu kwamba maganda ya alizeti huvuta panya. Akanikumbusha: Sisi hatununui alizeti. Nitachunguza.

Nilipokuwa naoga nimemsikia jikoni akizungumza na mbwa. "Mkono mtupu haulambwi, eh, mzee wangu? Lamba. Lete na huu mwingine. Huyo!" Tangu mama yake aende, anamwongelesha sana yule mbwa. Upweke.

Kifaa kimerudi, kiko kwenye msumari ukutani. Kisafi, bila sisimizi, skrubu zote mahali pake, kinanuka mafuta ya cherehani. Nimekijaribu kwenye karatasi. Kinakata kama hakijawahi kukata vibaya. Chuma kizuri kikinolewa sawasawa kinahitaji kupumzika, halafu makali yanajitokeza. Nimelijua hilo siku zote.

Mama mwenye nyumba amenisimamisha mlangoni. Kandambili zake zimelika upande, na pindo la gauni lake la kutokea limenasa kwenye msasa hadi likafumuka. Akaniuliza mimi ni mpangaji au ni adhabu. Nikamwomba asikilize dari yake kisha aniambie kama maendeleo hayasikiki. Akasema anasikiliza. Anahesabu hadi Jumapili.

Jumamosi, 14 Juni

Mwanyumba amekuja na mashine ya betri. Ameiazima, bila shaka ili anipokonye kazi siku ya mwisho. Alieleza kwamba mbwa huzoeshwa taratibu: leo ainuse ikiwa imezimwa, kesho asikie mlio kwa mbali, keshokutwa umguse nayo ukucha mmoja, halafu umpe kitu kitamu. Nikamwambia "taratibu" ni neno la watu wasiojiandaa. Nikaiwasha.

Hakimu alitoka chini ya meza na kitambaa cha meza. Vikombe vilimfuata. Katika pilikapilika hizo mashine ilishika nyuzi za zulia, ikazikunja zote, ikanguruma, ikazimika. Mwanyumba amesema si yake, na sasa atamwambia nini mwenyewe. Nimempa pole. Kuazima zana ni hatari.

Hakimu alimkimbilia mke wangu, akamchomekea kichwa kwenye aproni. Akabaki hapo. Mke wangu alimshika miguu, mmoja baada ya mwingine, akiibonyeza vidole, na mbwa hakushtuka hata kidogo. Nilipomsogelea mimi, alinguruma. Ndivyo walivyo. Anayefanya kazi ngumu hapendwi.

Jumapili, 15 Juni

Siku yenyewe.

Mama mkwe amepanda ngazi, miwani nyeusi usoni, mkono begani kwa mke wangu. Mwanyumba na mkewe walikuwepo, wamekaa kama watu waliokuja kuchukua mzigo. Chini, mama mwenye nyumba, na ufagio. Niliposhuka kumpokea mama nilimwona kwa dirisha lake, ameweka kiti katikati ya chumba.

Mama aliita jina la mbwa. Hakimu akatoka chumbani, akavuka vigae vyote vya sebule kwa haraka kwenda kwake.

Kimya. Si tak, si tik. Mkia tu ukigonga kiti.

Kisha ufagio ukagonga dari: du! Mke wangu akanishika mkono. Moyo wangu ulikuwa shwari, nikakaa tu ili nisikie vizuri. Sauti ikapanda kutoka chini:

"Nyinyi huko juu! Mbwa mmempeleka wapi? Simsikii!"

Mwanyumba aliinamisha kichwa kutafuta kitu sakafuni. Hakukuwa na kitu.

Mama mkwe bado haoni vizuri, hivyo akamkagua Hakimu kwa vidole. Mguu kwa mguu, ukucha kwa ukucha. Akauliza nani kafanya kazi hii. Nikamweleza habari ya msasa, kwa ufupi, kama dakika kumi. Akafika kwenye ule ukucha wa juu, ulio kando ya mguu, usiogusa chini. Akasema huu ukiachwa hupinda na kuingia nyamani, nao umekatwa, tena kwa uzuri.

"Sasa, baba, msasa wa ngazi umefikaje huku juu?"

Nikamwambia mbwa wake anaruka sana.

Mama alicheka hadi akavua miwani kufuta machozi. Akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa mke wangu, akaukamata kwa mikono miwili.

"Ahsante, mwanangu," akasema.

Nikasema si neno, mama, karibu sana.

Anahamia kwetu. Imepita bila mjadala.

Jumatatu, 16 Juni

Sifa njema hutangulia mguu. Mama mwenye nyumba amepanda tena, safari hii bila ufagio. Kaka yake ana mbwa wa ulinzi. Mkubwa kuliko Hakimu, hana urafiki, na kucha zake hazijawahi kuguswa na mtu akabaki kusimulia. Ameuliza kama naweza. Nimekubali kabla hajamaliza. Keshokutwa, uani, mbele ya wapangaji wote. Nimemwalika mwanyumba akae kiti cha mbele.

Mke wangu anaondoka kesho na mama kwenda kufunga vyombo vya nyumba ya zamani. Watarudi wiki ijayo. Aliposikia habari ya uani aliketi juu ya sanduku lake. Akaniomba, akanisihi, nimsubiri arudi. Nikamwambia asijitie presha, safari njema, mimi na mbwa tunaelewana. Akanunua kopo jipya la siagi ya karanga, akaliweka mezani pamoja na unga wa ngano, akasema: kidogo kidogo, vipande vyembamba, na usifungue kile kifaa, tafadhali, usikiguse hata skrubu. Nikamwahidi.

Kopo nimempelekea mama mwenye nyumba, kama fidia ya gauni. Sisi halitufai. Huliwa na panya tu.

Jioni nimekifungua kifaa ili kukinoa kwa ajili ya keshokutwa. Pande zote mbili, kwa nguvu sawa. Nimekirudisha vizuri kabisa.

Safari hii zimebaki skrubu mbili. Kifaa kinazidi kuwa chepesi mkononi.