Mafindofindo ya Siri

Jumamosi, 6 Machi 2004
Leo nimeaminiwa jambo zito. Mimi, Harub, mratibu wa wagonjwa hapa hospitali, katika kliniki ya vijana ambao miili yao na vyeti vyao vya kuzaliwa havikubaliani kama ni mwanamme au mwanamke. Hind, miaka kumi na tano, kalelewa kama msichana, na sasa sauti inakuwa nzito. Daktari mgeni yupo Jumanne tu, kisha harudi mpaka mwakani. Mama yake, Bi Masouda wa Sib, kaniambia wazi: mwanangu, akituona mtu yeyote, narudi nyumbani na siji tena. Na Maskati hii ya Omani, Waswahili sote ndugu, hakuna asiyejulikana! Kheiria, muuguzi wetu, kashauri tuwapitishe mlango wa dobi, kule nyuma yanakopita mashuka. Mlango wa dobi! Huo ndio uratibu? Nikamwambia aniachie mimi.

Jumapili, 7 Machi
Nimepata! Watu huuliza kwa sababu hawajui. Basi wajulishwe mapema, tena uongo. Nimempigia shangazi yangu, Khole wa Mawaleh, asiyekalika na neno, nikamwambia, kwa siri kabisa, kuwa Hind atakatwa mafindofindo Jumanne. Kufika jioni mji mzima utakuwa unajua, na hakuna atakayeshangaa kuwaona hapa. Wallahi nna kichwa! Kheiria kaniuliza nnacheka nini peke yangu. Sikumwambia. Wivu ule.

Jumatatu, 8 Machi
Shangazi kapiga, anauliza wadi gani. Nikasema wageni hawaruhusiwi. Akashtuka: kumbe hali mbaya hivyo! Nikajaribu kumtuliza. Kakata simu analia.

Jumanne, 9 Machi
Balaa! Nimefika, ukumbi umejaa. Nilisahau, mimi niliyekulia humu humu, kuwa kwetu mgonjwa hatajwi akaachwa. Mikeka imetandikwa. Birika za kahawa, halwa, karai zima la machungwa. Wanawake wa Qantab nisiowajua wanasoma Yasini. Bi Masouda kachungulia mlangoni, kajifunika uso, huyooo, karudi garini. Hind nyuma yake analia, anamwambia mama yake hawezi kusubiri mwaka mwengine. Nikasimama tu pale. Kheiria ndiye aliyechomoka, akawakimbilia, akawapitisha kule kule kwa dobi, Hind ndani ya toroli la mashuka.

Shangazi naye anamtaka mgonjwa wake. Nikababaika. Nikasema alisikia vibaya, mgonjwa ni mimi! Ikabidi nijifunge bendeji shingoni, nilale mkekani, nisomewe mpaka saa nane mchana. Halwa ikawa inapita mbele ya pua yangu. Hakuna aliyenipa. Eti mwenye mafindofindo hali vitamu.

Jumatano, 10 Machi
Kheiria kanisimulia. Daktari alimuuliza Hind mwenyewe anajionaje. Hind kajibu kuwa siku zote wanaulizwa wakubwa, yeye hajaulizwa hata mara moja. Akazungumza, akazungumza! Katoka anacheka, mama yake kamshika mkono. Watarudi. Ila Bi Masouda kaomba miadi ijayo aipange Kheiria. Namuelewa, hataki kunichosha.

Jumamosi anakuja mgonjwa mwengine kwa vipimo, mtoto wa jirani yetu Saeed, naye hataki kuonekana. Safari hii ugonjwa sitaji, hata! Nimemwambia Shangazi kuwa siku hiyo naposa, hapa hapa hospitali, ili macho yote yawe kwangu. Kapiga kigelegele kwenye simu, kauliza mwali nani. Kheiria alikuwa anapita. Nikamtaja yeye.

Yeye nitamwarifu Jumamosi.