Nilivyomwachia Mpira Mtu Ambaye Hakuwepo

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mkwe. Naandika nikiwa bado na vumbi magotini.

Kwa msionijua, mimi ni mtoto wa Shinyanga na kazi yangu ni tenisi ya wawili wawili. Mwaka wa nane sasa nazunguka kwenye mashindano na mwenzangu, Masanja. Yeye kushoto, mimi kulia. Peke yangu sichezi hata mazoezi.

Sasa, baba yake Minza, mchumba wangu, ni mfugaji wa Ushirombo. Alishasema hatoi binti kwa mtu ambaye kazi yake haielewi. Nikamwalika Geita, ambako mimi na Masanja tuliombwa kucheza mechi ya maonyesho. Mzee akafika asubuhi na fimbo yake. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa mbele kabisa na Minza.

Muda mfupi kabla ya mechi Masanja akapiga simu. Malaria, ametundikiwa dripu. Waandaaji wakanisihi nicheze peke yangu dhidi ya mwanachama mmoja wa klabu, mnunuzi wa dhahabu mwenye kitambi, aliyeanza kushika raketi mwaka huu huu. Nikakubali. (Tena nilimwonea huruma. Kichwa changu nacho!)

Mpira wa kwanza ukaenda kushoto. Mimi nimetulia zangu kulia, nikapaza sauti: "Wako, Masanja!"

Ukadunda, ukapita, ukagonga uzio. Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu nikajikaza, nikaukimbilia, nikaurudisha vizuri sana. Pointi yangu. Kwa furaha nikageuka kumgonga Masanja kiganja. Nikapiga hewa, nikapepesuka, nikaenda chini kifudifudi. Raketi ikateleza mpaka miguuni pa mzee.

Uwanja mzima ulicheka. Mnunuzi wa dhahabu alicheka mpaka akakaa chini. Mzee peke yake hakucheka. Akaokota raketi, akaniletea, akaniuliza taratibu:

"Mwanangu, pale unamwona nani?"

"Mwenzangu, baba."

"Yuko wapi?"

"Amelazwa."

Akaitazama ile nafasi tupu. Akarudi kukaa, akamnong'oneza Minza kwa Kisukuma. (Baadaye Minza aliniambia mzee alikuwa anauliza kama kwetu kuna mizimu inayodai kurithiwa jina.)

Nilifungwa. Ndiyo, na yule wa kitambi.

Baada ya mechi mzee akatuita pembeni. Nilishajiandaa kusikia kwamba uchumba umekufa. Minza alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Kazi yako bado sijaielewa," mzee akasema. "Ila nimeona kwamba wewe si mtu wa kuachwa peke yako. Waambie wazee wenu waje tuongee."

Kwa hiyo naoa, ndugu zangu. Atakayemsimulia Masanja kabla dripu haijaisha, kadi ya harusi asiitegemee.